Kabla tipa halijaondoka, pitio itolewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme na wenye matipa, maboza na magari mengine ya kazi kuhusu pitio. Ni kifaa kidogo kinachofungwa ubavuni au nyuma ya giaboksi, na wenye magari wengi hawajawahi kukiona kwa macho. Lakini ndicho kinachochukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye pampu ya haidroliki inayobinua bodi, kwenye pampu ya boza la maji, kwenye gari la kunyonya majitaka na kwenye winchi ya gari la kuvuta magari mabovu. Tipa likipita barabarani bodi ikiwa juu, likakata nyaya au kugonga daraja la waenda kwa miguu, tunasema dereva alisahau kushusha bodi. Huenda aliishusha vizuri kabisa. Alichosahau ni kutoa pitio, na bodi ikapanda yenyewe njiani.

Jambo hili linawezekana, na sababu zake zinajulikana. Ndani ya giaboksi ya gia za mkono kuna shafti ya chini inayozunguka muda wote injini inapowaka na klachi imeachiwa, hata gari likiwa nyutro. Gia ya pitio hukutana na gia ya shafti hiyo kupitia dirisha lililoachwa na mtengenezaji wa giaboksi. Pitio nyingi za kazi hii hazina kile kifaa cha kusawazisha mwendo kilichomo kwenye gia za kuendeshea. Gia moja ikiwa inazunguka na nyingine imesimama, meno yanasagana kabla ya kuingiana, na ndipo unaposikia ule mkwaruzo ambao baadhi ya madereva wameshauzoea kana kwamba ni sauti ya kawaida ya kazi. Si ya kawaida. Ukifungua pitio iliyoingizwa hivyo kwa miezi michache utakuta ncha za meno zimeviringika kama penseli iliyotumika, na chembe za chuma zimeshuka kwenye oili ileile inayolainisha gia zote za gari. Pitio na giaboksi vinakunywa chungu kimoja.

Kwa gari la gia za mkono lenye pitio inayotegemea klachi, utaratibu ni huu. Gari limesimama kabisa, breki ya mkono imevutwa, gia iko nyutro. Kama pitio inaingizwa kwa hewa, tazama geji kwanza: chini ya bar 6 usiguse swichi, maana hewa hafifu inasukuma gia nusu njia na kuliacha jino linafanya kazi kwa ncha tu. Injini iwe kwenye sailensa, bila kukanyaga mafuta. Kanyaga klachi hadi chini, halafu usubiri. Kusubiri huku ndiko kunakorukwa. Shafti ya chini haisimami papo hapo klachi inapokatwa. Inaendelea kuzunguka kwa mwendo wake wa awali, na sekunde tano hadi kumi ni za lazima. Baada ya hapo ingiza swichi, au vuta mkono kama ni ya kebo, ngoja taa ya dashibodi iwake, kisha achia klachi polepole. Taa isipowaka, au ukasikia mkwaruzo, kanyaga klachi tena, toa swichi, uanze upya. Usilazimishe kwa kuongeza mafuta. Kutoa ni vilevile: sailensa, klachi chini, swichi itoke, taa izime, ndipo uachie klachi. Usiitoe pampu ikiwa inasukuma mzigo, kwa sababu meno yaliyobanwa na mzigo hayaachiani kirahisi.

Magari yenye pitio inayotoka moja kwa moja kwenye injini yana hesabu nyingine. Hapo klachi haisimamishi kitu, pampu inazunguka injini inapozunguka, na dereva aliyezoea tipa la zamani akipewa gari la namna hiyo anaweza kudhani amekata nguvu kumbe hajakata. Magari ya gia otomatiki nayo yana masharti yake, ambayo huandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kibandiko ndani ya kebini. Dereva akabidhiwe maelezo hayo pamoja na ufunguo.

Sasa turudi kwenye bodi inayopanda yenyewe. Chukua pampu ya gia inayotoa sentimita za ujazo 100 kwa kila mzunguko, na pitio inayozunguka mara 1.2 kwa kila mzunguko mmoja wa injini. Wakati wa kumwaga, injini ikiwa mizunguko 1,000 kwa dakika, pampu inazunguka 1,200 na kutoa lita 120 za oili kwa dakika. Dereva akiondoka na pitio ikiwa imeng'ata, injini ikafika 1,900 barabarani, pampu inazunguka 2,280 na kutoa lita 228. Oili hiyo haina kazi, inapita kwenye vali ya kupandishia na kushushia bodi na kurudi tangini. Lakini mipira ya kurudishia na filta vilichaguliwa kwa ule mkondo wa kwanza. Mkondo ukikaribia kuwa maradufu, shinikizo linalohitajika kuupitisha linakaribia kuwa mara nne, na kama filta imeziba kwa vumbi linazidi hapo. Bodi tupu ni nyepesi kuliko bodi yenye mchanga, kwa hiyo shinikizo dogo linatosha kuipenyeza juu. Ongeza hapo mkono wa vali ambao kebo yake imelegea na haurudi sawasawa katikati, na umepata tipa linalobinua taratibu likiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, dereva akitazama mbele.

Tipa lenye bodi ya mita 6 likibinuka nyuzi 45, ncha ya mbele ya bodi inafika mita 4 na ushee juu ya bawaba zake, na bawaba zenyewe ziko zaidi ya mita moja kutoka ardhini. Jumla inavuka mita 5. Nyaya nyingi za mitaani na madaraja ya waenda kwa miguu havikujengwa kwa kutarajia kitu cha urefu huo kikija kwa kasi.

Bodi isipopanda, hasara inahamia kwenye pampu. Pampu inayozungushwa kupita kikomo chake haipati oili ya kutosha upande wa kunyonya, inaanza kutoa sauti kama imebeba changarawe, oili inapata moto na kuwa nyepesi, sili zinakauka, na mwishowe shafti yake inakatika au pampu inang'ang'ania. Fundi akiletewa pampu ya tipa yenye shafti iliyonyongwa kama kamba, swali lake la kwanza liwe umbali ambao gari limetembea na pitio ndani.

Kuna dawa yake, na ni rahisi. Kwenye pitio yenyewe huwa kuna swichi ndogo inayojua kama gia imeingia. Swichi hiyo ndiyo iwashe taa, wala si swichi ya dashibodi, kwa sababu ya dashibodi inaonyesha alichoagiza dereva, na ya kwenye pitio inaonyesha kilichotokea kweli. Hewa ikivuja au kebo ikikwama, hizi mbili zinatofautiana. Taa peke yake haitoshi: jua la saa nane mchana likipiga dashibodi yenye vumbi la machimbo ya Lugoba, taa nyekundu haionekani. Weka kengele. Waya wa chanya utoke kwenye umeme unaowashwa na ufunguo, upitie fyuzi ya ampea 5, uingie kwenye kengele ya volti 24, kisha kwenye swichi ya pitio, kisha kwenye swichi ya breki ya mkono, ndipo ufike kwenye chesisi, yaani upande wa hasi. Swichi ya breki ya mkono iwe ile inayofunga mzunguko breki inapoachiwa. Kwa namna hiyo kengele inakaa kimya dereva anapomwaga mzigo, lakini akiachia breki ya mkono pitio ikiwa bado ndani, inalia hadi aitoe. Usifunge kengele inayolia wakati wote wa kumwaga, kwa sababu siku ya pili utakuta waya umekatwa kwa meno. Swichi nyingine ifungwe juu ya chesisi, mbele, mahali bodi inapokalia. Bodi ikinyanyuka hata kidogo, taa na kengele vyake viwake. Waya zote zipite ndani ya bomba la plastiki, zikae mbali na ekzosi, na zibanwe kila baada ya sentimita 30 hivi, maana chini ya tipa kila kilicholegea hukatika.

Niseme na suala la kumwaga, kwa sababu pitio ikifanya kazi yake vizuri ndipo mzigo unapokuwa juu. Mita moja ya ujazo ya mchanga mbichi ina uzito wa karibu tani 2. Bodi ya mita 15 za ujazo ina karibu tani 30 ambazo, bodi ikinyanyuka, zinasimama juu ya bawaba mbili za nyuma na jeki ya haidroliki inayoinua bodi. Ardhi ikiwa imelalia upande mmoja, au tairi za kushoto zimezama kwenye kifusi kipya, uzito huo unahama ubavuni kadiri bodi inavyopanda, na jeki haikutengenezwa kuuzuia. Shuka kwanza, tembea nyuma ya gari, kanyaga ardhi kwa kisigino. Kama kisigino kinazama, tairi litazama. Fungua mlango wa nyuma kabla ya kuanza kubinua. Udongo wa mfinyanzi uliolowa hauteremki pamoja. Nusu unashuka, nusu unabaki umeng'ang'ania upande mmoja wa mbele, na hapo ndipo magari hulala. Ukiona umegoma upande mmoja, shusha bodi, uondoe kwa koleo kutoka nje. Kule kusogeza gari mbele na kufunga breki ghafla bodi ikiwa juu, ili udongo uchomoke, kunapinda jeki na kupasua chesisi kwenye bawaba, na ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kupindua tipa.

Utingo asimame upande wa dereva, mbele ya gari, mahali anapoonekana kwenye kioo au kwa macho. Gari likilala, linalala ubavuni, kwa hiyo umbali wake kutoka ubavuni usipungue urefu wa bodi iliyosimama. Mtu mmoja tu ndiye atoe ishara. Pale site penye mafundi kumi wanaopiga kelele "leta, leta", dereva amsikilize mmoja aliyekubaliana naye, na asipomwona mtu huyo asimame.

Kabla ya kugusa swichi ya pitio, tazama juu. Njia kuu za umeme za kusambazia hapa nchini ni za kilovolti 11 na 33, na umeme huo hauhitaji kuguswa. Bodi ikikaribia sana unaruka. Ikitokea bodi imegusa waya, dereva abaki ndani ya kebini, awaambie watu wakae mbali, na kama waya haujanasa ashushe bodi au asogeze gari litoke. Asishuke kwa ngazi. Anayeshuka mguu mmoja ukiwa chini na mkono ukiwa bado kwenye mlango anakuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Moto ukiwaka na lazima atoke, aruke nje miguu ikiwa pamoja, asiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa hatua fupi za kuburuza nyayo bila kutanua miguu, hadi mita 10 au zaidi. Ardhi inayozunguka gari nayo imebeba umeme wa viwango tofauti, na hatua ndefu inaunganisha viwango viwili kupitia miguu. Hakuna mtu kurudi kwenye gari hilo hadi TANESCO wathibitishe kuwa wamekata.

Dereva akishamwaga, atoe pitio kwanza, kisha ashushe bodi. Kwenye matipa mengi jeki inasukuma upande mmoja tu, na bodi hushuka kwa uzito wake oili ikirudi tangini, pampu haihitajiki. Akiizoea njia hii, anapoanza kuondoka pitio inakuwa imeshatoka muda mrefu. Na asiendelee kushikilia mkono wa vali bodi ikiwa imefika mwisho. Oili ikikosa pa kwenda inapita kwenye vali ya kupunguza presha. Lita 120 kwa dakika zikipita hapo kwa bar 180 ni kilowati 36 za moto, sawa na pasi 36 za umeme za wati 1,000 zilizotumbukizwa ndani ya tangi. Kwenye tangi la lita 100, oili inapanda zaidi ya nyuzi 10 kila dakika.

Sasa maboza, ambayo yananitia hofu kuliko matipa. Tipa huwa na pampu iliyofungwa karibu na pitio, shafti yake ni fupi au haipo kabisa. Boza mara nyingi lina pampu nyuma au katikati ya chesisi, na nguvu inafika huko kwa shafti ndefu yenye krosi, yaani kiungio kinachokunjika, kila mwisho, inayozunguka wazi chini ya tangi. Na boza linafanya kazi mtaani: akina mama wamekuja na ndoo, watoto wamekuja na akina mama, mtu mmoja ameinama kufungua koki.

Shafti yenye kipenyo cha milimita 60 ina mzingo wa karibu sentimita 19. Ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ambazo ni mara 16 na zaidi kila sekunde, inakunja mita 3 za kitambaa kwa sekunde moja. Pindo la kanga likinaswa, mita moja inaisha ndani ya theluthi moja ya sekunde. Macho hayajaona, mdomo haujafunguka, dereva hajagusa klachi. Kinachonasa mara nyingi si shafti yenyewe ambayo ni laini, bali kichwa cha bolti ya kubania kilichochomoza kwenye kiungio, au nipo ya grisi, au ncha ya waya wa kufungia. Shafti inayozunguka kasi inaonekana kama bomba lililotulia. Ile bolti huioni kabisa. Kwa hiyo bolti za kichwa cha mraba zibadilishwe ziwekwe zile zinazozama ndani na kukazwa kwa eleni, na shafti yote izibwe. Kikinga chake ni bati lililokunjwa umbo la U, au wavu wa chuma ambao kidole hakipenyi, kimefungwa kwenye chesisi kwa mabano, kina nafasi ya kupigia grisi, na kimeenea hadi juu ya krosi zote mbili. Ukanda wa mpira wa tairi uliofungwa kwa waya haukingi kitu, unaweza kunaswa wenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri azibe sehemu za mashine zinazozunguka, na shafti ya boza ni sehemu hiyo hasa.

Anayekaribia hapo avae nguo iliyobana, bila kamba ya kofia inayoning'inia, bila shanga, mikono ya shati imefungwa. Mteja asimame upande wa mpira wa maji, na mpira uwe mrefu wa kutosha kumweka mbali na chesisi. Hakuna kupiga grisi, kukaza bolti wala kuchungulia sauti injini ikiwa inawaka. Hata pitio ikiwa imetolewa, hewa ikivuja au springi ikichoka gia inaweza kuingia yenyewe na shafti ikaanza. Injini izimwe, tairi ziwekewe vigingi, na ufunguo akae nao mfukoni yule anayeingia chini. Ufunguo usibaki kebini, wala usikabidhiwe rafiki aliyeahidi kuwa hatawasha.

Bodi iliyonyanyuliwa nayo ina kanuni ileile. Fundi anayeingia chini ya bodi ili abadilishe krosi au akaze mpira anategemea nini kuizuia isishuke? Kama jibu ni oili, asiingie. Mpira wa presha ukipasuka au mtu akigusa mkono wa vali, bodi tupu yenye uzito wa tani 2 au 3 inashuka na hakuna anayeikimbia akiwa amelala chali. Kila tipa liwe na mguu wake wa chuma wa kuegemezea bodi, uliofungwa kwa pini kwenye chesisi na wenye kiti chake maalumu chini ya bodi. Bodi iwe tupu, mguu usimamishwe, bodi ishushwe hadi iukalie, ndipo mtu aingie. Gogo la mbao linateleza. Tairi la akiba lililosimamishwa linabonyea.

Mtu asitafute kitundu kinachovuja kwenye mpira wa presha kwa kiganja. Oili ya bar 150 ikitoka kwenye tundu dogo kama la sindano inapenya ngozi, na kidonda kinaonekana kama kuumwa na mdudu: alama ndogo, damu kidogo, maumivu yanayokuja baadaye. Ndani oili inasambaa kwenye kano na kuua nyama. Aende hospitali saa ileile, amwambie daktari wazi kuwa ni oili ya haidroliki ya presha kubwa, kwa sababu tiba yake ni upasuaji, na mkono uliosubiri hadi kesho yake huenda ukakatwa. Kutafuta uvujaji, pitisha kipande cha boksi la karatasi karibu na mpira, kilolowe chenyewe.

Kwa mafundi wenzangu wanaofunga pitio, nina la kusema juu ya gasketi. Nafasi kati ya meno ya pitio na meno ya giaboksi iwe milimita 0.15 hadi 0.30, ipimwe kwa geji ya saa yenye kishale. Gasketi moja ya milimita 0.25 hubadilisha nafasi hiyo kwa karibu milimita 0.15. Meno yakibana sana pitio inalia kama filimbi muda wote. Yakiachana sana inagonga gari likiwa kwenye sailensa, na pigo hilo hatimaye linavunja jino. Iwepo gasketi walau moja, zisizidi tatu, na silikoni isitumike badala yake: haina unene wa kuaminika, na vipande vyake hushuka kwenye oili. Krosi za shafti zifungwe mabano yake yakiwa kwenye mstari mmoja. Yakipishana, shafti inatetemeka na kula beringi za pampu. Ukimaliza, jaza oili ya giaboksi hadi kwenye tundu lake, kwa sababu pitio nayo inashika sehemu ya oili hiyo. Baada ya wiki ya kwanza ya kazi bolti zote zikazwe upya. Na usiipandishe vali ya kupunguza presha ili gari libebe zaidi. Jeki na mipira haikuongezeka nguvu kwa kuzungusha skrubu.

Wenye magari watasema dereva ndiye mzembe. Wengi wa madereva hao wanalipwa kwa tripu, na zile sekunde kumi za kusubiri klachi, ukizizidisha kwa kila tripu ya siku, hazifiki hata dakika tano. Dereva anayejua hatalaumiwa kwa dakika tano atazisubiri. Anayegombezwa kwa kila dakika atarukia swichi huku mguu mwingine uko kwenye mafuta.

Kwa askari na wakaguzi wa magari, ombi langu ni kwamba ukaguzi wa tipa usiishie kwenye tairi, taa na breki. Laleni chini mtazame kikinga cha shafti na mguu wa bodi. Kuhusu kengele, mwenye gari hana haja ya kumsubiri mkaguzi. Aijaribu leo jioni gari likirudi. Asimamishe gari kwenye tambarare, awekee tairi vigingi, ahakikishe hakuna mtu nyuma wala chini, aingize pitio injini ikiwa kwenye sailensa, mguu ukanyage breki, kisha aachie breki ya mkono. Kengele isipolia, airudishe breki ya mkono, atoe pitio, azime injini, na gari hilo lilale hapo hadi fundi wa umeme atakapokuja.

Fundi wa haidroliki za magari makubwa,
Dar es Salaam